Kura ya Telegram darasani: namna ya kuwapata wanachuo wakimya

Nafundisha kilimo chuoni, Mtwara. Mwongozo huu ni wa vyuo. Msingi na sekondari wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, usijaribu huko.

Hatua ya 1: Programu. Wengi hukimbilia WhatsApp kwa kuwa kila mtu anayo. Lakini kura yake kwa kawaida inaonyesha majina, na matokeo unayaona hata kabla hujapiga. Kinara wa darasa akishabonyeza, wenzake wanamfuata. Telegram huficha majina, na matokeo huyaoni mpaka upige. Hata namba ya simu hufichika kwenye mipangilio ya faragha. Wasichana wafanye hivyo kabla ya kujiunga, maana namba ikishasambaa kundini, meseji za usiku hazikawii.

Hatua ya 2: Kundi. Zuia picha na video wakati wa kipindi. Hizo ndizo zinazomaliza bando, si kura. Aliyeishiwa muwashie hotspoti. Mwenye kitochi akae na mwenye simu janja.

Hatua ya 3: Swali. Hapa ndipo penye kazi. "Ubwiriunga ni nini?" halifai, watalitafuta mtandaoni na kunakili. Mimi huuliza hivi: *Shamba la mikorosho Newala, machipukizi yana vidonda vyeusi virefu na ncha zinakauka. Utapuliza nini? A: salfa. B: kiuatilifu cha wadudu. C: vyote viwili. D: sipulizi.*

A huwavuta wengi, maana nyumbani wameona salfa ikipulizwa kila msimu. Ni kweli salfa huzuia ubwiriunga, ule ukungu unaoacha unga mweupe kwenye maua na majani machanga. Lakini vidonda vile ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na salfa si dawa yake. Jibu lisilo sahihi liwe na sababu ya kuaminika, la sivyo hamna mjadala.

Hatua ya 4: Kura mbili. Tumia kura ya kawaida isiyo na majina. Usichague ile ya chemsha bongo, inatoa jibu papo hapo. Wape dakika mbili, na wewe nyamaza. Kura zikigawanyika, kila mmoja amgeukie jirani wabishane, kisha tuma kura mpya yenye swali lilelile. Mtindo huu umeenezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, tangu miaka ya 1990. Wakipata karibu wote, songa mbele. Wakikosa karibu wote, kubishana hakusaidii, rudi ubaoni.

Hatua ya 5: Simu kifudifudi. Usiulize "nani kachagua A?" Uliza: "Aliyechagua salfa aliona nini?" Kwa kuwa majina hayaonekani, yeyote anaweza kuitetea A bila kuchekwa.

Hatua ya 6: Picha. Wanaokwenda Tandahimba au Masasi wikiendi wapige picha ya chipukizi moja, kwa karibu, kwa ruhusa ya mwenye shamba, waitume kundini na mstari mmoja wa maelezo. Unayoitilia shaka waulize watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, kabla hujaigeuza swali la Jumatatu.