SOMO: Kuchaji betri ya pikipiki ya umeme kwa sola hapa Tabora (soma yote kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara sita, kijiweni na hata msibani. Naandika mara moja, basi.

Betri yangu ni volti 72, ampea-saa 40. Zidisha upate wati-saa 2,880, karibu yuniti 3 za Luku. Kama unapiga boda kutwa na betri ni moja, ishia hapa: jua likiwaka, betri yako iko barabarani. Tafuta ya pili kwanza.

1. Paneli mbili za wati 450. Kwa saa 5 za jua zuri, ukitoa asilimia 30 ya joto, vumbi na upotevu wa njiani, unabaki na wati-saa 3,150 kwa siku.

2. Zielekee kaskazini, mwinamo nyuzi 10 ili mvua izioshe.

3. Ziunge sambamba, chanya kwa chanya. Zitatoa volti 40 hivi.

4. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, iwe ya kupandisha volti. Betri ya aina yangu ikijaa hufika volti 84, na kontrola nyingi za dukani hushusha tu. Kikomo chako kisome kwenye chaja iliyokuja na pikipiki, usisikilize ya jirani.

5. Swichi kati ya paneli na kontrola. Hapa niliharibu. Mwanzoni nilikuwa na paneli tatu kwa mfululizo, volti zaidi ya 100, nikafunga swichi ya kawaida ya ukutani kwa kuwa ilikuwepo. Saa sita mchana nikaizima huku inachaji. Ikalia kama mafuta kwenye kikaango, ndani mwanga wa buluu, plastiki ikaanza kuyeyuka, mimi nimeganda na kidole hewani. Umeme wa nguzo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche hukatika yenyewe. Wa sola haupiti sifuri. Cheche ikishawaka inaendelea kula. Nunua breka iliyoandikwa DC (umeme wa aina hii ya sola na betri), na kama ina alama za + na −, zifuate. Usichomoe soketi za paneli wakati inachaji. Ukitaka kufungua waya, funika paneli kwa turubai kwanza.

6. Kontrola iunge na betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume.

7. Chajia kivulini penye hewa. Chumbani unakolala, hapana.

MASWALI

— Mkuu nina paneli ya wati 50, itajaza?
Siku 16 na nusu. Hesabu iko namba 1.

— Bei jumla?
Uliza dukani, mimi siuzi.

— Mimi fundi. Natumia swichi ya kawaida mwaka wa pili, hakuna shida. Unatisha watu.
Umewahi kuizima saa sita mchana ikiwa inachaji? Basi bado hujaijaribu. Na usiijaribu.

— Mwangaluka kaka. Asubuhi kivuli cha mwembe kinagusa kona tu ya paneli moja, lakini umeme unashuka sana. Kwa nini?
Mwangaluka, swali zuri. Seli ndani ya paneli zimeshikana kama foleni ya kisimani: mmoja akisimama, wa nyuma wote wanasimama. Paneli nyingi zina diodi zinazoruka kipande chenye kivuli, kwa hiyo kona moja inaweza kukupotezea theluthi nzima au zaidi. Chukua khanga, funika kona, soma ampea, kisha hamisha. Utajua upande upi uukwepeshe mti. Mwembe usiukate! Mji huu bila miembe tutakaa wapi.

— Nataka kuagiza Nissan Leaf. Paneli hizi zitafaa?
Zile za mwanzo zina betri ya 24,000 kwa hesabu yetu. Ni karibu siku 8 kuijaza ikiwa tupu, na utahitaji inveta, maana chaja ya ndani ya gari inataka umeme kama wa ukutani.

— Kiangazi vumbi linaganda, nifanyeje?
Maji na kitambaa laini, alfajiri. Usimwagie maji baridi kioo kilichochemka.

— Betri ya pili naibeba kwenye begi la shule la mtoto, sawa?
Begi sawa. Ila ziba vichwa vya waya kwa utepe, na toa kila chuma humo. Mwenzetu wa Isevya aliacha bikari ndani. Begi lilianza kutoa moshi akiwa nalo mgongoni.