Kuelezea spishi mpya ya Trichoptera kutoka kwenye makabati ya makumbusho

Trichoptera ni wadudu wanaofanana na nondo wadogo. Hufuata taa usiku karibu na vijito, mabawa yao yana vinyweleo badala ya magamba, na lava wao huishi majini. Waliokusanywa Kongo na Afrika Mashariki enzi za ukoloni wamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren (Ubelgiji), London na kwingineko, wengine wakiwa kwenye pini, wengine kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Humo ndimo spishi isiyo na jina inaweza kukaa miongo mingi.

Anza na madume, kwa kuwa spishi hutambuliwa kwa via vyao vya uzazi kwenye ncha ya fumbatio. Rangi ya bawa hufifia kwenye ethanoli, na majike wa jenasi nyingi hawatenganishiki kwa macho. Kabla ya kugusa fumbatio, hakikisha jenasi. Tazama vijicho vitatu vya utosini, kisha hesabu miiba mikubwa ya muundi kwa mguu wa mbele, wa kati na wa nyuma. Chimarra ana vijicho hivyo na miiba 1-4-4. Cheumatopsyche hana vijicho na miiba yake ni 2-4-4. Miiba hukatika kirahisi, kwa hiyo angalia miguu ya pande zote mbili.

Sasa fumbatio. Likate kwa kibano chembamba kwenye pingili za mwanzo, mbali na ncha. Kama unataka DNA, ng'oa mguu mmoja kwanza, kwa sababu potasiamu haidroksaidi huiharibu. Ili nyama laini ziyeyuke, loweka fumbatio kwenye mmumunyo wa asilimia 10 wa kemikali hiyo usiku kucha bila moto, au lipashe humo ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, ukilitazama kila baada ya dakika chache. Ukizidisha, vinyweleo huanguka na utando hupauka mpaka kingo za viungo hazionekani. Rangi ya klorazoli nyeusi huokoa kiasi, si yote. Njia ya upole zaidi ni asidi ya laktiki ya asilimia 85 kwa nyuzi 125 za Selsiasi kwa takriban dakika 20. Kwa vielelezo vya zamani tunaipendekeza hiyo: ukichelewa kidogo madhara ni machache. Baadaye suuza kwa maji, sukuma nje mafuta meupe na mapovu ya hewa, kisha weka fumbatio kwenye gliserini.

Mchoro ndio moyo wa kazi. Chora kwa kifaa cha kuchorea kinachofungwa kwenye hadubini: upande wa kushoto, juu, chini, na uume peke yake. Fumbatio lililopinda kidogo huzaa tofauti za uongo, na "spishi" kadhaa zimezaliwa hivyo. Lishikize kwa vipande vidogo vya kioo mpaka viambatisho vya chini (jozi ya vishikio vya via vya uzazi vya dume) vya kulia na kushoto vipishane barabara ukilitazama kwa ubavu. Linganisha madume kadhaa ukiwa nao. Miiba ndani ya uume hubadilika mkao uume unapotokeza nje, wala si dalili ya spishi nyingine.

Hatua inayoua spishi mpya nyingi ni kulinganisha na za zamani. Pitia Trichoptera World Checklist, orodha ya dunia ya wadudu hawa, toa majina yote ya jenasi yako barani Afrika, kisha tafuta maelezo asilia ya wataalamu wa zamani: Ulmer, Mosely, Kimmins na Marlier. Usiache majina yaliyofutwa kama visawe: huenda spishi yako ni mojawapo, na jina la zamani lazima lifufuliwe. Maelezo yakizungumzia mabawa tu bila mchoro wa via vya uzazi, hakuna njia ya mkato. Omba picha za holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, au uiendee.

Lebo inakiliwe neno kwa neno, herufi kwa herufi, na ufafanuzi wako uwe ndani ya mabano ya mraba. Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu, Usumbura ni Bujumbura. Mwinuko kwenye lebo za Kiingereza mara nyingi uko kwa futi. Futi 3,000 ni mita 914, na asiyesoma kipimo hupandisha kijito mlimani mara tatu.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazina huruma. Andika wazi kuwa ni spishi mpya, eleza sifa zinazoitofautisha, taja holotaipu moja na makumbusho itakakohifadhiwa. Kama chapisho ni la kielektroniki tu, lisajiliwe ZooBank (sajili rasmi ya majina ya wanyama) na usajili uonekane ndani yake, la sivyo jina halihesabiki. Kivumishi cha Kilatini kifuate jinsia ya jenasi: Chimarra ni ya kike, hivyo nigra, si niger. Neno la Kiswahili likitumika kama nomino halibadiliki, na kwetu hilo ni chaguo zuri kuliko kulundika majina ya -ensis, yaani yanayotokana na mahali.

Mwisho, fumbatio la kielelezo cha pini liwe kwenye kichupa cha gliserini kilichochomekwa kwenye pini ileile. La kielelezo cha ethanoli liwe kwenye kichupa kidogo ndani ya chupa ileile. Holotaipu ipate lebo nyekundu, na namba yake iandikwe pia kwenye mchoro. Fumbatio lililotengana na mdudu wake bila namba halina thamani tena.