Umefungiwa, umepigwa, ukalazimishwa kutoa mali: jinsi ya kufungua kesi Mwanza bila kuambiwa "hayo ni madai"

Neno linaloua kesi za aina hii ni "deni", na mara nyingi hutamkwa na mlalamikaji mwenyewe akiwa bado amesimama kaunta. Anafika kituoni uso umevimba, anaanza hadithi kutoka mbali: alikopa laki tatu kwa watu wa kausha damu (wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali), rejesho likachelewa, wakaja nyumbani... Askari akishasikia "alikopa", kalamu inalala. "Hayo ni madai, mzee. Nenda Mahakama ya Mwanzo." Yaani ni kesi ya kudaiana, si jinai. Kwamba mzee huyo alifungiwa stoo tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, akapigwa nondo, akalazimishwa kutuma pesa kwa simu na kusainishwa karatasi ya kuuza kiwanja, halijaandikwa popote. Na hilo ndilo kosa lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kupanga foleni, jua unakwenda kuripoti nini.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayapanga mambo haya kwa vipande. Mtu akiiba, na wakati huohuo au mara tu kabla au baada yake akatumia nguvu au kutishia kuitumia ili aipate mali au aendelee kuishikilia, huo ni unyang'anyi, kifungu cha 285, na adhabu iliyo katika 286 ni miaka 15. Akiwa na panga, kisu, bunduki au chombo kingine cha hatari, anaingia 287A: kifungo kisichopungua miaka 30, na dhamana hapati. Akidai mali kwa nguvu au vitisho kwa nia ya kuiba, hata akiondoka mikono mitupu, ni kifungu cha 292, miaka mitano. Akikupiga, akikufungia au akikutisha ili usaini hati yenye thamani kwa nia ya kudhulumu, ni 291, miaka 14. Kumteka mtu ili afichwe na kufungiwa mahali nako ni kosa la peke yake, miaka saba. Namba hizi ni zile zilizozoeleka mahakamani kwa miaka mingi. Sheria zimechapwa upya katika Toleo la 2023, basi ukionyeshwa namba nyingine usibishane na tarakimu, soma maneno ya kosa.

Na deni je? Kifungu cha 9 kinamkinga mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kwamba ni haki yake. Ndiyo maana anayekudai kweli atasimama kizimbani aseme "nilifuata changu", na shitaka la unyang'anyi linaweza kuyumba. Ila kinga hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukufungia mlango wala kukuvunja mkono. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa, kumjeruhi ni kosa, na yote mawili yanasimama yenyewe hata kama unadaiwa milioni kumi. Usilifiche deni, maana wakili wa upande wa pili atalichomoa siku ya ushahidi na wewe utaonekana mwongo. Liseme, lakini liseme mwisho.

Kaunta

Ripoti kwenye kituo kinachohusika na eneo la tukio. Unaishi Igoma lakini ulifungiwa Buhongwa? Anzia upande wa Buhongwa, la sivyo utapewa salamu nzuri na kuelekezwa huko huko baada ya saa mbili za kukaa kwenye benchi.

Ukishaitwa, sentensi ya kwanza ibebe vitu vinne: nani, lini na wapi, alitumia nguvu gani, alitaka nini. Mfano: "Shikamoo afande. Jana saa tatu usiku, kwenye ghala la dagaa Kirumba, fulani na wenzake wawili walinifungia ndani, wakanipiga kwa nondo, wakanilazimisha niwatumie shilingi laki sita." Basi. Historia itaulizwa baadaye.

Jina la mtuhumiwa lisisubiri. Kama unamjua, litaje hapo hapo, hata kama ni jina la utani la mwaloni. Mahakama ya Rufani imesema tena na tena kwamba shahidi aliyemtaja mshukiwa katika nafasi ya kwanza aliyoipata anaaminika zaidi, na anayekaa kimya siku tatu kisha akamkumbuka kwa jina kamili hutiliwa shaka. Walalamikaji wengi hunyamaza kwa woga au kwa ushauri wa ndugu ("subiri tumalizane kifamilia"), halafu wanashangaa kesi inapoanguka.

Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Ni bure. Ipige picha kabla hujatoka mlangoni, kwa sababu kikaratasi chenyewe kina ukubwa wa risiti ya daladala na tabia zake ni zile zile.

PF3

Omba PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, papo hapo. Nayo ni bure. Ukiambiwa fomu zimeisha, stationari ya jirani huenda ikawa nazo, na hapo utalipia fotokopi tu. Kama damu inatoka, nenda hospitali kwanza, PF3 itafuata siku hiyo hiyo. Kwa majeraha ya kawaida hospitali ya mkoa, Sekou Toure, inatosha, huna haja ya kung'ang'ania hospitali ya kanda, Bugando, bila rufaa.

Watu hupoteza ushahidi kwa kumwonyesha daktari jeraha kubwa tu. Kwa aliyefungiwa, alama za kamba kwenye vifundo vya mikono na miguu zina uzito kuliko jicho lililovimba, maana jicho laweza kutokana na ugomvi wowote wa baa, lakini hakuna anayejifunga kamba mwenyewe. Alama hizo hufifia ndani ya siku chache. Mwonyeshe daktari, mwombe aziandike, na uzipige picha. Kabla ya kuirudisha PF3 kituoni, toa nakala. Fomu ikiingia kwenye jalada huioni tena mpaka mahakamani.

Maelezo: hapa usiwe na haraka

Utapelekwa kwa mpelelezi, atakuuliza, ataandika, atakwambia "saini hapa". Karatasi hiyo ndiyo kesi yako. Ushahidi utakaoutoa baada ya mwaka mmoja utalinganishwa nayo neno kwa neno, na kila tofauti itauzwa kama uongo.

Hakikisha yamo haya. Vitisho vilielekezwa kwa nani: kwako, kwa mkeo, kwa mlinzi? Linaonekana dogo, lakini hukumu za unyang'anyi wa kutumia silaha zimewahi kufutwa kwenye rufaa kwa sababu hati ya mashitaka haikusema nguvu ilitumika dhidi ya nani. Mwendesha mashitaka huandika hati kutokana na maelezo yako. Kama hukusema, naye hatabuni. Yaandike maneno ya vitisho kama yalivyotamkwa, hata kama yalikuwa ya Kisukuma, kisha tafsiri yake. Eleza mlango ulifungwaje: kufuli, komeo, au mtu alisimama mlangoni. Sema ulikaa humo muda gani na ulitokaje. Ukisema "walinifungia" halafu ikaonekana ulitoka kwenda kununua soda ukarudi, kosa la kufungiwa limekwisha.

Kama tukio lilikuwa usiku, mwanga ndio kila kitu. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka kujua ulimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, kwa mwanga gani, na kama ulimfahamu kabla. "Kulikuwa na mwanga" haitoshi. Taa gani? Ya umeme, ya sola, tochi ya simu? Ilining'inia wapi, ilimulika uso wa nani? Umbali utaje kwa hatua. Kama humfahamu, eleza kimo, mavazi, kovu, sauti, lafudhi, kabla hajakamatwa, ili baadaye gwaride la utambulisho (mtuhumiwa kupangwa na watu wengine ili shahidi amwonyeshe) liwe na maana. Na tafadhali, picha yake isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mashahidi wakishaiona, gwaride linabaki kuwa mchezo wa kuigiza na wakili atalicheka.

Omba usomewe kabla ya kusaini. Mpelelezi atahema na kutazama saa. Mwache aheme.

Pesa za simu

Ukilazimishwa kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx au HaloPesa, saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki zote zinazofuata. Piga 100 kwa mtandao wako, toa namba ya muamala, sema umelazimishwa. Pesa ambayo bado imelala kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kinachobaki ni kumtafuta mtu. Meseji ya muamala usiifute wala usitegemee picha yake pekee. Nenda duka la mtandao ukachukue taarifa ya miamala yenye mhuri. Taarifa za mpokeaji hutapewa wewe: mtandao hujibu barua ya polisi, basi muulize mpelelezi kila unapomwona kama barua imeshaondoka. Jina linaloonekana kwenye meseji lisikupe furaha ya haraka, laini nyingi za kazi hii zimesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Wakala aliyetoa pesa, daftari lake na kamera ya duka la jirani ndio mashahidi wa kweli, na kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda mfupi.

Usije ukajaribu njia ya mkato ya kumwandikia mtuhumiwa "leta milioni mbili, la sivyo nakufungulia kesi ya utekaji". Kutishia kumshitaki mtu ili upate mali kutoka kwake ni kosa la kifungu cha 290, na meseji hiyo itafika polisi kabla yako.

Tukio likiwa ziwani

Wavuvi wanaovamiwa majini, wakanyang'anywa injini na nyavu au kushikiliwa mpaka tajiri atume pesa, wana tatizo la "hapo ni wapi". Chukua alama ya mahali kwa simu kama ina ramani, au taja kisiwa kilicho karibu, upande wa upepo na muda wa safari tangu mwalo. Toa taarifa mwalo wa kwanza utakaofika, iwe Ukerewe, Kome au Sengerema, kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na kituo cha polisi cha hapo, kisha ulizia Polisi Wanamaji. Usivuke hadi mjini ndipo uripoti kwa sababu eti kule hakuna mtu wa maana. Mtu wa kwanza uliyemwambia, hata kama ni muuza chai wa kambini, ni shahidi.

Injini bila namba ni chuma tu. Namba yake iko kwenye kibati kilichogongwa kwenye bano linaloshika mtumbwi, na ndiyo ya kwanza kukwanguliwa. Ipige picha leo, pamoja na risiti. Weka pia alama yako mahali pa siri chini ya kava. Akikamatwa mtu na injini siku chache baada ya tukio, kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni hufanya kazi tu kama unaweza kuitambua kwa alama uliyoitaja kabla ya kuonyeshwa. Ukisema "ni Yamaha ya 15, nyeusi", umeeleza nusu ya injini za ziwa zima.

Jalada likisinzia

Litasinzia. Utasikia gari halina mafuta, mpelelezi yuko kozi, mtandao uko chini. Ombi la "hela ya mafuta" si sehemu ya utaratibu. TAKUKURU wapo kwa 113. Panda ngazi kwa mpangilio: mkuu wa kituo, kisha mkuu wa upelelezi wa wilaya (OC-CID), kisha wa mkoa (RCO). Nenda na RB, namba ya jalada, na barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe ulizofika na ulichojibiwa. Barua igongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Bila mhuri huo hukwenda. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka nayo hupokea malalamiko, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mtu binafsi kupeleka lalamiko moja kwa moja kwa hakimu, ingawa kwa makosa mazito kama haya tafuta kwanza wakili au msaada wa kisheria.

Kipindi hicho ndipo ndugu wa mtuhumiwa watakapokuja na soda na bahasha. Kosa kubwa halifutwi kwa mlalamikaji kusema "nimesamehe". Uamuzi ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Na kupokea pesa ili kosa kubwa lifichwe ni kosa lako wewe. Wakitaka kurudisha mali, irudishwe kituoni, iandikwe.

Mahakamani fika kila ulipoitwa, maana kesi huondolewa kwa kukosa mashahidi. Mtuhumiwa akitiwa hatiani, kabla adhabu haijatamkwa mkumbushe mwendesha mashitaka aombe fidia chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na amri ya kurudishiwa vielelezo, yaani mali yako iliyoshikiliwa kama ushahidi. Uwe na risiti za matibabu, taarifa ya miamala na bei ya injini mkononi. Amri ya vielelezo isipoandikwa, injini yako itaendelea kulala yadi ya kituo, mvua ikinyesha, mpaka mtu aombe upya kwa maandishi.