Kabla ya kununua gari la safu tatu, kakae kwanza siti ya nyuma kabisa

Anza na kalenda, gari baadaye. Rudi mwaka mzima nyuma, uhesabu siku ambazo watu wa nyumbani kwako walizidi watano kwenye gari moja. Sisi wa Njiro, hapa Arusha, tulihesabu mezani, watoto wakitukumbusha: wiki ya Desemba ya kwenda Kibosho, mlimani Kilimanjaro, Pasaka, harusi mbili, kipaimara cha mtoto wa dada, na Jumapili chache tulizompeleka bibi kanisani. Hazikufika thelathini. Siku zilizobaki gari lilibeba watoto wawili wa shule na mmoja wetu anayekwenda kazini. Nyumba yenye watoto wanne na bibi anayeishi humo itapata hesabu nyingine kabisa, na kwao safu ya tatu ni hitaji la kila asubuhi. Jua kwanza uko upande gani, ndipo uulize bei.

Ukiona unaihitaji, nenda yadi na watu wako wote, bibi akiwemo. Muuzaji atakufungulia mlango wa dereva. Mshukuru, kisha umwombe ufike nyuma kabisa na ukae huko, mlango ukiwa umefungwa, kwa dakika kumi. Kwenye gari lenye chesisi kama Toyota Prado, sakafu ya nyuma iko juu, kwa hiyo magoti ya mtu mzima hupanda karibu na kifua. Kijana wa miaka kumi atafurahi pale. Shangazi wa miaka hamsini atafika Moshi akiwa amekufa ganzi, na ni kilomita themanini tu. Mwone na mtoto akijaribu kukunja siti ya kati peke yake ili apite. Kama una mtoto mdogo, funga kiti chake safu ya pili halafu ujaribu tena kupita, maana mara nyingi njia inazibwa hapohapo. Hesabu mikanda kwa kuivuta mmoja mmoja. Tazama kama hewa ya AC inafika nyuma, na kama kila siti ina egemeo la kichwa. Tazama pia umbali kati ya kichwa cha aliyekaa nyuma na kioo cha buti. Watakaokaa hapo ni watoto wetu, na sijaona sababu ya kuona aibu kukagua hayo mbele ya muuzaji.

Kama unaagiza Japani kwa picha, uliza idadi ya siti kwa maandishi. Prado na Toyota Vanguard zilitengenezwa za siti tano na za siti saba kwa jina lilelile. Shemeji yangu alilijua hilo gari lilipofika Arusha, limeshalipiwa kila kitu, halina safu ya tatu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mzigo. Safu ya tatu ikisimama, buti linabaki kijinafasi cha mabegi mawili matatu ya shule. Sasa fikiria kurudi kutoka Kibosho: mkungu wa ndizi, gunia la parachichi, na mabegi ya watu saba. Watu saba wa kilo sabini ni kilo 490 tayari, na magari mengi ya aina hii hayaruhusiwi kubeba zaidi sana ya hapo. Keria ya juu nayo ina ukomo wake kwenye kitabu cha gari, tena mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona za mlimani.

Injini iangalie kwa macho ya mtu wa hapa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, hupoteza takribani asilimia kumi ya nguvu kila mita elfu moja. Prado ya petroli ya lita 2.7 ni ngumu kuharibika na mafundi wanaijua, ila ikijaa watu kwenye mlima utasikia inavyohema, na kituo cha mafuta kitakuzoea. Dizeli mpya, kama Mazda CX-8 ya lita 2.2, ina nguvu na inakula kidogo, lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi moshi ukipata joto la kutosha. Safari yetu ya Njiro hadi mjini, dakika kumi na tano za foleni, haifikishi joto hilo. Ukiishi hivyo wiki baada ya wiki, chujio litaziba na taa itawaka kwenye dashibodi. Ukienda Moshi au Karatu kila wiki utakuwa salama zaidi. Kabla ya kulipa, tafuta fundi wa hapa mwenye kompyuta inayosoma gari hilo, na umwone kwa macho. Uliza na tairi: CX-8 nyingi zinavaa 225/55 rimu 19, na saizi hiyo huipati kila duka kama 265/65 rimu 17 ya Prado.

Kodi ifanyie hesabu mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu thamani wanayotumia ni ya kwao, haifuati ankara yako. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, na VAT 18 juu ya vyote. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, likipita kumi ni 30. Vanguard ya mwisho ilitoka 2013, kwa hiyo zote zimeshapita kumi, na bei yake ndogo ya Japani isikuhadae. Ongeza bima kubwa ya mwaka, hasa kama unakopa benki.

Na usiidharau Noah. Ina milango ya kuteleza, bibi anaingia bila kupanda mlima, na siti ya nyuma mtu mzima anakaa kama mtu. Haipendi tope la masika la Moshono, hilo nakubali.

Sisi tumebaki na gari letu dogo. Desemba tutakodi Noah kwa siku tisa pamoja na dereva anayezijua kona za Kibosho, na bibi ameshasema atakaa mbele.