Namna ya Kuandaa Chemsha Bongo ya Filamu za Fantasia Zilizotokana na Riwaya

Mchezo huu huendeshwa kwa madokezo. Msimamizi husoma dokezo moja baada ya jingine kuhusu filamu ya fantasia iliyotokana na riwaya, nazo timu hukisia jina la filamu hiyo, huku thamani ya jibu ikipungua kila dokezo jipya linaposomwa. Kanuni zake ni nyepesi. Kazi iko katika kutunga maswali. Swali linalouliza tu kitabu kiliandikwa na nani, au filamu ilitoka mwaka gani, humfaa aliyekariri majina na tarehe, lakini aliyesoma na kutazama kwa mapenzi halimpi nafasi ya kuonyesha anachokijua. Kwa hiyo tafuta maswali yako pale ambapo kitabu na filamu vinaachana njia.

Chukua mfano wa The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939 iliyotokana na riwaya ambayo L. Frank Baum aliichapisha mwaka 1900. Dokezo la kwanza, lenye alama 4, liwe gumu lakini la haki: katika riwaya nchi ya ajabu ni mahali halisi, ilhali katika filamu mhusika mkuu anazinduka kitandani na kuambiwa kwamba alikuwa akiota. La pili, kwa alama 3: viatu vya ajabu ambavyo mwandishi alivifanya vya fedha viligeuzwa kuwa vyekundu kama yakuti, ili vipendeze katika filamu ya rangi. La tatu, kwa alama 2: picha huanza katika rangi ya kahawia iliyofifia, kisha msichana anafungua mlango na rangi zote zinajitokeza. La mwisho, kwa alama 1, litaje kimbunga, Kansas na mbwa anayeitwa Toto. Kila dokezo linapunguza idadi ya filamu zinazowezekana bila kutaja jina lolote mapema, na aliyesoma kitabu pekee ana nafasi sawa na aliyetazama filamu pekee. Usawa huo ndio unaowafanya watu wabaki mchezoni.

Baada ya hapo tafuta tofauti za namna nyingine. Kuna yaliyoachwa: mwongozaji Peter Jackson hakumtia mhusika Tom Bombadil katika The Fellowship of the Ring ya mwaka 2001, filamu iliyotokana na sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, jambo ambalo wapenzi wa Tolkien wanaendelea kulijadili. Kuna yaliyoongezwa: mvulana Wybie yumo katika filamu ya Coraline ya mwaka 2009, lakini hayumo katika riwaya ya Neil Gaiman. Kuna yaliyokatwa, kama The NeverEnding Story ya mwaka 1984, inayoishia karibu na katikati ya riwaya ya Michael Ende. Mimi napenda zaidi Howl's Moving Castle, kwa kuwa katika riwaya ya Diana Wynne Jones mlango wa ngome hufunguka pia kuelekea Wales ya zama zetu, na Hayao Miyazaki, katika filamu yake ya mwaka 2004, aliuacha ulimwengu huo na kuvipa vita nafasi kubwa.

Jihadhari na riwaya zilizofanywa filamu zaidi ya mara moja. The Lord of the Rings, kwa mfano, ilikuwa na filamu ya katuni ya Ralph Bakshi mwaka 1978, kwa hiyo andika kwenye kadi ya jibu mwaka na mwongozaji, na uhakikishe kila dokezo kwa kufungua kitabu chenyewe na kutazama onyesho lenyewe. Kumbukumbu huchanganya kilichosomwa na kilichoonekana, hasa kwa hadithi tuzipendazo.

Siku ya mchezo, gawa watu katika timu za watu watatu au wanne, ukichanganya wasomaji na watazamaji. Kila timu ikisie mara moja tu kwa kila dokezo, na iandike jibu kwenye karatasi badala ya kulitamka, ili wengine wasilinakili. Wote wakishindwa hata baada ya dokezo la mwisho, fuata desturi ya vitendawili: msimamizi adai apewe mji, na mji wenyewe utoke katika riwaya ya fantasia. Timu ya kwanza kutaja mji ambao haujatajwa bado ipate alama 1 ya faraja.

Timu zikilingana mwishoni, weka tayari swali moja la kuandika jibu kwa haraka. Hili linafaa: kwa nini riwaya za Harry Potter ni 7 na filamu zake ni 8? Timu itakayoeleza kwamba riwaya ya mwisho iligawanywa katika filamu mbili, ya mwaka 2010 na ya mwaka 2011, ndiyo itakayoshinda.