Vigae vipya, bafu la zamani: shughulika na maji kwanza

Bafu letu hapa Ngamiani, Tanga, lina vigae vyeupe vya sentimita 15 kwa 15 vya enzi za ndoo na kata. Upande wa pili wa ukuta wake, ambao ni wa chumba cha mama mkwe, ulikuwa ukivimba rangi kila masika. Baba watoto akasema tupake rangi nyingine. Nikamwambia hiyo ni hela ya kutupa, maji yanatoka bafuni. Kazi nikaifanya mwenyewe, naye akabeba vifusi.

Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kinacholia kama kuna uwazi nyuma yake kimeshaachia. Kama ukuta una unyevu, usikubali ushauri wa kubandika vipya juu ya vya zamani: utakuwa umeufunika ugonjwa, sakafu itapanda na mlango utaanza kukwaruza.

Kabla ya tindo na nyundo, funga koki kuu na uzibe tundu la maji machafu kwa matambara yaliyofungwa kwenye mfuko. Kipande kimoja kikizama humo, utavunja sakafu kukifuata. Vaa miwani, barakoa na viatu vilivyofunika vidole, na nyunyiza maji ili vumbi lisipae. Anzia kwenye kigae kilicholegea.

Huku pwani, chini ya vigae utakuta lipu inayomomonyoka yenye unga mweupe. Ni chumvi hiyo. Kwangua mpaka ufike pagumu, kisha piga lipu mpya: saruji ndoo moja, mchanga ndoo nne. Mchanga uwe wa mto. Wa baharini utakurudishia chumvi ileile. Lipu ikishashika, imwagilie maji kwa wiki nzima, halafu iache ikauke.

Sakafu ndiyo nilihangaika nayo kuliko vyote. Inatakiwa ishuke kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Vuta uzi, sawazisha kwa ubao ulionyooka, kisha azima gololi za watoto. Weka moja kila kona. Zote zikikimbilia tundu, umepata. Ikisimama moja njiani, hapo ndipo maji yatakapotuama.

Sasa paka dawa ya kuzuia maji, mara mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza. Kwenye kona laza utepe wa wavu. Pandisha ukutani sentimita 20, na pale mnapoogea mita 2. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuamini kigae kinazuia maji, wakati maji hupenya kwenye maungio. Dawa ikikauka, ziba tundu, jaza maji ya kufunika sakafu, weka alama ya penseli ukutani na uyaache saa 24. Yakipungua kwa kiasi cha kuonekana, tafuta yanapopita kabla hujafungua boksi hata moja.

Tukija kwenye maboksi: la vigae vya 30 kwa 60 mara nyingi lina vipande 8, yaani mita za mraba 1.44. Ongeza asilimia 10 ya kuvunjika, na hakikisha namba ya toleo inafanana kwenye maboksi yote, maana nyeupe ya leo na ya mwezi ujao hazilingani. Vya chini chukua vidogo, vya kukwaruza. Vinafuata mteremko vizuri, na mwenye nyumba mzee hatateleza.

Ukutani usianzie chini. Sakafu ya nyumba kuukuu haiko sawa, ukiifuata mstari wote utapinda. Pigilia ubao kwa pimamaji kwenye usawa wa safu ya pili, panda juu, maliza sakafu, ndipo urudi kukata safu ya chini. Vipande vilivyokatwa vifiche nyuma ya mlango.

Gundi ikoroge kidogo kidogo, iwe na uzito wa uji unaosimama kwenye mwiko. Ipake eneo utakalolimaliza ndani ya dakika 20, ichane kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote upande mmoja. Kandamiza kigae, kisha kibandue kimoja uangalie mgongo wake: lazima uwe umeenea gundi. Mafundi wengi huweka madonge matano ya saruji na kusonga mbele. Kati ya madonge ni mapango. Maji hukaa humo, na kigae kikigongwa kinapasuka.

Kesho yake toa misalaba ya plastiki uliyotenganishia vigae, jaza grauti (saruji laini ya maungio) kwa mshazari, futa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Sakafuni chagua ya kijivu. Nyeupe ni ya nyumba za wageni wa Idi tu. Kona za ukuta na sakafu zijaze silikoni, kwa kuwa pale nyumba hucheza na grauti hukatika.

Silikoni nayo inataka siku nzima bila maji. Zungumza na jirani mapema kuhusu pa kuogea, na ndoo yake mrudishie ikiwa imejaa.