Somo: Jinsi ya kupima kama mazabodi yako inakubania kwenye gemu

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) gani inaongeza FPS, yaani idadi ya fremu (picha) kwa sekunde? Hakuna. Fremu zinapikwa na prosesa pamoja na kadi ya grafiki. Mazabodi ni barabara tu wanayopitia. Barabara nzuri haimpi dereva injini kubwa, ila barabara mbovu itamfanya atambae hata akiwa na gari la mashindano. Kwa hiyo leo tunatafuta mashimo.

Pakua CPU-Z (husoma prosesa na RAM), GPU-Z (husoma kadi), HWiNFO64 (husoma sensa), Cinebench (huichosha prosesa) na CapFrameX (hurekodi FPS). Zote ni za bure. Tafuta pia gemu yenye kipimo chake cha ndani, ile inayocheza kipande kilekile kila mara. Ukipima kwa kucheza mwenyewe, leo utapita kushoto, kesho kulia, na namba hazitalingana.

Hatua ya 1: Ipunguzie kazi kadi ya grafiki

Shusha ukubwa wa picha (resolution) hadi 1280 x 720 au 1920 x 1080, weka grafiki za chini, zima V-Sync (inayofunga FPS kwenye kasi ya skrini) na kikomo chochote cha FPS. Lengo ni kadi ipate kazi nyepesi ili prosesa, RAM na mazabodi vibaki uchi. Kama kadi inaonyesha matumizi ya 97% kwenda juu, unapima kadi, hupimi mazabodi. Funga kivinjari na kila kinachojipakua chinichini. Endesha kipimo mara 4, itupe ya kwanza (gemu bado inapakia vitu vyake), halafu chukua wastani wa 3 zilizobaki. Andika namba hizo, maana ndizo utakazolinganishia baadaye.

Hatua ya 2: RAM

Hapa ndipo wengi wanapopoteza FPS bila kujua. Fungua CPU-Z, sehemu ya Memory. Kama ulinunua DDR4 ya 3200, pale lazima uone takribani 1600 MHz, kwa sababu DDR husafirisha data mara 2 kwa kila mpigo. Ukiona 1066, RAM yako inatembea kwa 2133 na hela ya ziada uliyolipa imelala. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi), washa XMP, au EXPO kama ni AMD yenye DDR5; hiyo ndiyo mipangilio inayoipa RAM spidi yake iliyoandikwa.

Angalia pia idadi ya chaneli (njia za data kati ya RAM na prosesa); unataka 2. Vipande 2 vya RAM kwenye mazabodi yenye sloti 4 kwa kawaida hukaa sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa miezi na RAM zangu zimebanana kwenye sloti jirani kwa sababu tu zilionekana zinapendeza hivyo. Nilipozihamisha, mikwamo niliyokuwa naisingizia gemu ikaisha.

Hatua ya 3: Njia ya kadi

Kwenye GPU-Z soma mstari wa Bus Interface: unaonyesha toleo la PCIe (kiunganishi cha kadi na mazabodi) na idadi ya njia zake, mfano x16 ni njia 16. Usishtuke ukiona 1.1 wakati kompyuta imetulia, kadi huwa inajibana kuokoa umeme. Bonyeza kile kialama cha kuuliza pembeni, anzisha jaribio lake, ndipo namba halisi itokee. Unataka x16, au x8 kwa kadi zilizotengenezwa hivyo. Ukiona x4 kwenye kadi ya x16, kuna uwezekano umeichomeka sloti ya chini, ambayo mara nyingi hupitia chipseti (chipu msaidizi ya mazabodi) badala ya kwenda moja kwa moja kwenye prosesa.

PCIe 3.0 hubeba karibu GB 1 kwa sekunde kwa kila njia, 4.0 hubeba mara 2 yake. Mfano mzuri ni Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022: ina njia 4 tu, na kwenye mazabodi za zamani za PCIe 3.0 ilipoteza nguvu waziwazi.

Hatua ya 4: Umeme wa prosesa

Hii ndiyo hatua yenyewe. VRM ni zile chipu zilizopangana kando ya soketi, zinazoushusha umeme wa volti 12 hadi volti 1 na kidogo anayoitaka prosesa. Zikizidiwa joto, mazabodi inaiamuru prosesa ipunguze mwendo ili zisiungue.

Funga kava la kesi, maana ndivyo unavyocheza. Washa HWiNFO64 upande wa sensa, ianze kurekodi, kisha endesha Cinebench kwa dakika 30. Tazama vitu 3 kwa pamoja: mwendo wa prosesa, wati inazokula, na joto la VRM (wengine huandika MOS).

Kuna mashine iliyonisumbua jioni nzima. Dakika 10 za kwanza laini, kisha picha inakwamakwama. Prosesa ilikuwa 66 °C, nikasema si joto. Nilipofungua rekodi nikaona mwendo uko 4.3 GHz, ghafla 2.9, unarudi 4.3, tena 2.9, kama mtu anayekanyaga na kuachia pedali. Mstari wa VRM ulisoma 112 °C. Nikafungua kesi: zile chipu hazikuwa na hata kipande cha bamba la kupozea juu yake.

Chini ya 90 °C mimi nalala usingizi. Ikivuka 100 naanza kutafuta feni.

Hatua ya 5: Rudia kipimo

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha rudia hatua ya 1. Usiangalie wastani peke yake, tazama na 1% ya chini (FPS ya zile fremu 1% zilizo polepole zaidi) kwenye CapFrameX. FPS 60 maana yake kila fremu inachukua milisekunde 16.7; fremu moja ikichukua 50, wastani hautakwambia, lakini jicho lako litaona. Tofauti ya 1% au 2% kati ya vipimo ni kelele tu, usiisherehekee.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mazabodi yangu haina sensa ya VRM. Nafanyaje?

Jibu: Mtazame mwendo wa prosesa. Ukianza kushuka huku prosesa yenyewe haijafika joto lake la mwisho, elekeza feni ndogo kwenye chipu hizo, rudia. Mwendo ukitulia, mwizi umemshika. Usipime kwa kidole, utaungua.

Swali: Nina Ryzen 7 7800X3D. Nikitoka mazabodi ya chipseti ya B650 kwenda ya X670 nitapata FPS ngapi?

Jibu: Sifuri, au karibu na hapo. Hiyo prosesa ni ya wati 120 na kwenye gemu hula chini ya hapo. B650 yenye bamba za maana inaibeba bila jasho. Hela hiyo ongezea kwenye kadi.

Swali: Nimewasha EXPO, skrini ikawa nyeusi. Nimeua kompyuta?

Jibu: Hapana. DDR5 hujipima upya na inaweza kuchukua dakika kadhaa, usiizime haraka. Ikigoma kabisa, chomoa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. Mipangilio itarudi ya kiwandani. Sasisha BIOS, kisha jaribu spidi ya RAM ya ngazi moja chini.

Swali: Mazabodi yangu imeweka kikomo cha wati 4096 kwa Core i9-14900K. Si ndiyo vizuri, nguvu bila mpaka?

Jibu: Ndugu, shusha leo hii. Intel wenyewe wanaandika 253. Prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti kupita kiasi, na Agosti 2024 ilitoka maikrokodi 0x129 (programu ndogo ya ndani ya prosesa, huja na BIOS) kulishughulikia. Weka BIOS mpya ya mazabodi yako, chagua mipangilio ya Intel, kisha pima. Kwenye gemu hutaona pengo kubwa.

Swali: Nimeongeza SSD ya pili ya M.2 (diski inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi), kadi ya grafiki ikashuka hadi x8. Imeharibika?

Jibu: Baadhi ya mazabodi hugawana njia kati ya sloti hizo, soma kijitabu chake. Hamishia SSD sloti nyingine kama ipo. Kama haipo, na kadi na mazabodi yako vyote ni vya PCIe 4.0, iache tu: x8 ya 4.0 ni sawa na x16 ya 3.0.